Sahani namba moja haitoshi

Katika kitivo chetu cha lugha, mtu akitaja «éléments finis», wengi hugeuza uso. Hayo ni ya politekniki, tunasema, ni ya watu wa hesabu. Sisi tubaki na nomino na vitenzi vyetu. Mimi pia nilisema hivyo kwa muda mrefu. Leo nataka kutetea maoni mengine: kwamba katika kazi ya kujenga modeli kwa programu za elementi, iko sehemu nzima ambayo ni kazi ya lugha, na kwamba sehemu hiyo inaharibika kwa sababu wenye ujuzi wa lugha hawapo. Sehemu hiyo ni ile ya sifa za elementi: kuzipa majina, kuzifasili, kuzigawa, kuzibadili na kuzisoma tena.

Nianze na lililonivuta. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anamaliza masomo ya ujenzi. Tasnifu yake ilihusu jukwaa la chuma la kubebea tangi la maji: sakafu ya sahani ya chuma, mita 3 kwa mita 4, unene milimita 6, ikilala juu ya mihimili. Tangi lilikuwa na miguu minne, na chini ya kila mguu sahani ilikuwa inapinda kupita kiasi. Msimamizi wake akamshauri aongeze unene chini ya miguu tu, vipande vinne vya nusu mita kwa nusu mita, kutoka milimita 6 hadi 10. Kijana akafungua orodha ya sifa katika programu, akaona «Sahani 1», akafuta 6, akaandika 10, akahesabu upya. Picha yote ikageuka buluu, rangi ya usalama. Akalala usingizi mzuri.

Siku ya utetezi, mjumbe mmoja wa jopo hakuuliza juu ya nadharia wala juu ya rangi. Aliuliza jambo moja: «Sahani zako zote pamoja zina uzito gani?» Mdogo wangu, aliyekuwa amepiga hesabu kichwani, akajibu kwa uhakika: «Karibu kilo 600.» Mjumbe akafungua kiambatisho ambacho kijana mwenyewe alikuwa amekichapisha, akasoma kwa sauti: kilo 942. Ukumbi ukanyamaza.

Hesabu yenyewe mtu yeyote anaweza kuifuata. Sakafu ina mita za mraba 12. Chuma kina uzito wa kilo 7850 kwa mita moja ya ujazo. Kama mita moja ya mraba tu ndiyo ina milimita 10, na 11 zilizobaki zina milimita 6, jumla ni kilo 597. Kama sakafu nzima ina milimita 10, jumla ni kilo 942. Kwa hiyo sakafu nzima ilikuwa imenenepa, bila yeye kujua. Elementi zote 1200 za sakafu zilikuwa zinatumia sifa ileile moja. Alipogusa «Sahani 1» akidhani anagusa vipande vinne, aligusa vyote. Na kwa kuwa ukakamavu wa sahani katika kupinda unafuata unene kwa kipeo cha tatu, sakafu yake ilikuwa kakamavu zaidi ya mara nne na nusu kuliko ile ambayo fundi angeijenga kwa kufuata michoro. Modeli ilikuwa salama. Jukwaa halisi lisingekuwa salama.

Aliahirishwa hadi kikao kingine. Kwa jopo hilo ni neno moja katika kumbukumbu. Kwa mama yake, anayeuza makaa, ilikuwa ada nyingine.

Jioni ile alinieleza kosa lake, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyoona kwamba anazungumza juu ya mambo tunayoyasoma sisi. Nieleze kwa ufupi jinsi modeli hizi zinavyokaa. Kitu kinachochunguzwa, daraja au tangi au bawa la ndege, hukatwa vipande vidogo vinavyoshikana kwenye nodi. Kila kipande hufuata kanuni rahisi, na mashine huunganisha kanuni za vipande vyote kuwa mfumo mmoja wa milinganyo. Ray Clough, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyeviita vipande hivyo «elementi» zenye kikomo katika makala yake ya mwaka 1960; mbinu yenyewe ilikuwa imeanza kutumiwa kabla ya hapo, hasa na watu wa ndege. Angalia: alichukua neno la kawaida, akalipa kazi mpya. Hivyo ndivyo istilahi huzaliwa, hata Kalifornia.

Sasa, kwenye skrini mchoraji anaona umbo. Lakini sahani iliyochorwa kama uso haina unene. Mhimili uliochorwa kama mstari hauna upana wala kimo. Umbo halisemi kitu ni cha chuma au cha zege. Hayo yote hayachorwi, yanasemwa. Ufito unaovutwa na kusukumwa tu unahitaji eneo la mkato. Mhimili unahitaji eneo, tena namba zinazoonyesha jinsi mkato wake unavyokataa kupinda na kusokotwa, tena mwelekeo: upande upi uko juu. Sahani inahitaji unene. Kipande cha ujazo kinahitaji maada yake tu, kwa kuwa umbo limekwisha kusema mengine. Springi inahitaji ukakamavu wake. Huo ndio mkusanyiko unaoitwa sifa za elementi, nao ni maandishi yanayosindikiza picha. Picha inaweza kuwa nzuri na maandishi yakawa ya uongo.

Maandishi hayo yana sarufi yake. Katika Nastran, programu iliyozaliwa NASA katika miaka ya 1960, elementi ya sahani haibebi unene wake yenyewe. Inabeba namba ya sifa. Sifa inabeba unene pamoja na namba ya maada. Maada inabeba ukakamavu na uzito. Ni mlolongo wa marejeo ya viungo vitatu. Chukua mstari mmoja halisi wa sifa ya sahani:

PSHELL,1,1,6.0,1

Msomi wa lugha ausome mstari huu kama sentensi ya lugha asiyoijua. Kuna «moja» tatu, na kila moja ina maana yake. Ya kwanza ni jina la sifa. Ya pili ni namba ya maada inayotumika sahani inapovutwa. 6.0 ni unene. Ya mwisho ni namba ya maada inayotumika sahani inapopinda. Ukiisahau hiyo ya mwisho, programu haisemi umesahau. Inaelewa kwamba sahani yako haina ukakamavu wowote wa kupinda, kana kwamba ni kitambaa cha kitenge kilichotandazwa. Maana iko katika nafasi, na nafasi tupu nayo ina maana. Nani kati yetu hajawahi kufundishwa jambo kama hilo katika somo la mofolojia, tunapochambua kitenzi nafasi kwa nafasi na kufika kwenye kiambishi kapa?

Na ngeli je? Sisi wa lugha za Kibantu tunajua vizuri kwamba nomino moja inatawala sentensi nzima. Ukibadili ngeli, kila kitu kinachoirejelea kinabadilika nyuma yake: kivumishi, kionyeshi, kitenzi. «Kiti kile kimevunjika» na «viti vile vimevunjika» zinatofautiana mahali pamoja katika fikra na mahali patatu katika maneno. Sifa ya elementi ni ngeli ya namna hiyo. Elementi 1200 zilipatanishwa na «Sahani 1». Mdogo wangu alifikiri anarekebisha neno moja, kumbe alibadili ngeli.

Wanaisimu wanajua pia kwamba ngeli zinaweza kuitwa kwa njia mbili. Iko njia ya namba, iliyoanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof: ngeli ya 1, ya 2, ya 7, ya 8. Inafaa kwa kulinganisha lugha nyingi. Iko pia njia ya majina yanayoonyesha kazi: A-WA, KI-VI, LI-YA. Mtoto wa shule hawezi kukumbuka ngeli ya 7 ni ipi, lakini KI-VI inajieleza yenyewe, kwa sababu jina limechukuliwa kutoka katika upatanisho wake. Programu za elementi zimegawanyika vilevile. Nastran ilizaliwa wakati wa kadi za kutobolewa zenye safu 80, zilizogawanywa katika nafasi za herufi 8. Hapakuwa na mahali pa majina marefu, basi kila kitu kikapewa namba. Abaqus, na CalculiX iliyofuata namna yake ya kuandika, zinaruhusu sifa kufungwa kwa kundi la elementi lenye jina, na maada yenye jina. Programu nyingi za leo zenye madirisha na vitufe zinakubali majina pia, hata pale ambapo chini yake namba bado zinafanya kazi. Lakini mwanafunzi asipoandika jina, programu humwandikia: Sahani 1, Sahani 2, Maada 1. Tunapewa nafasi ya kusema, nasi tunanyamaza.

Kwa msomaji wa Kongo uko mfano wa karibu zaidi. Code_Aster ni programu ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF, na tangu mwaka 2001 inatolewa bure kwa yeyote. Amri zake ni za Kifaransa kilichofupishwa: DEFI_MATERIAU hufasili maada, AFFE_MATERIAU huigawa kwa makundi ya vipande, AFFE_CARA_ELEM hugawa sifa za elementi, na ndani yake EPAIS ni unene. Mwanafunzi wetu aliyesoma kwa Kifaransa anaona maneno anayoyajua, na hilo ni jambo jema. Lakini sarufi haisomeki katika maneno peke yake. Programu hiyo ina kanuni ya kufunika: kundi likipewa sifa mara mbili, ya mwisho ndiyo inayoshika. Ukisema kwanza «sakafu yote, 6», kisha «chini ya miguu, 10», umepata unachotaka. Ukigeuza mpangilio, sakafu yote inarudi kuwa 6, na maandishi yako bado yanaonyesha 10 mahali fulani kumfariji msimamizi. Maneno ni yaleyale, mpangilio ni mwingine, maana ni nyingine. Hiyo ni sintaksia, na sintaksia tunaifundisha mlango wa pili kushoto.

Nifike kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapo ndipo nadhani tuna deni. Wanafunzi wa politekniki husikiliza somo kwa Kifaransa, husoma skrini kwa Kiingereza, halafu wakikaa uani kuelezana, wanaelezana kwa Kiswahili. Kuelewa kwa kweli kunatokea hapo uani. Na hapo uani neno «nguvu» au neno «ugumu» linabeba mzigo wa maneno matatu. Kifaransa kinatenganisha «rigidité», «résistance» na «dureté». Ya kwanza ni jinsi kitu kinavyokataa kubadilika umbo. Ya pili ni mzigo gani kinaweza kubeba kabla ya kuharibika. Ya tatu ni jinsi uso wake unavyokataa kukwaruzwa au kutobolewa. Kijana akiambiwa sakafu inapinda mno, anasema: «Tuweke chuma kigumu zaidi.» Anaacha chuma cha S235, anaweka cha S355, ambacho huanza kunyooka bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 355 badala ya 235. Anahesabu upya, na sakafu inapinda vilevile kabisa. Sababu ni kwamba vyuma vyote viwili vina ukakamavu uleule, karibu gigapaskali 210. Ameongeza uimara alipotaka ukakamavu. Hakukosa hesabu, alikosa neno.

Napendekeza tuseme «ukakamavu» kwa jambo la kwanza, «uimara» kwa la pili, na tuache «ugumu» kwa la tatu. Mwingine anaweza kuwa na mapendekezo bora, na kurasa hizi ziko wazi kwa mabishano ya namna hiyo. Vilevile neno «sifa». Mtu akitafsiri «propriété» bila kufikiri anaweza kuangukia «mali», kama kwamba sahani ina kiwanja na hati. «Sifa» ni bora, ingawa lina harufu ya kusifu. «Mesh» ya Waingereza na «maillage» ya Wafaransa zote zimetoka kwa mvuvi na mfumaji. Sisi tuna «wavu» na «matundu» yake, na mvuvi wa Mweru atalielewa kabla ya mhandisi. Kwa «élément» na «nœud» naona tuchukue tu «elementi» na «nodi», kwa sababu «fundo» tayari lina kazi nyingi.

Jambo jingine ambalo Kiswahili kinatufundisha ni la vipimo. Programu kubwa za aina hii, Nastran na Abaqus kwa mfano, hazijui kipimo. Zinapokea namba tupu, na ni juu ya mtumiaji kuhakikisha kwamba zinapatana. Ukichora kwa milimita na kupima nguvu kwa nyutoni, basi ukakamavu wa chuma ni 210000, na uzito wake unapaswa kuandikwa kwa tani kwa milimita ya ujazo: 0.00000000785. Mwanafunzi akiandika ukakamavu kwa paskali, 210000000000, huku mchoro ukiwa wa milimita, jukwaa lake litapinda mara milioni moja pungufu ya ukweli, na mashine haitakohoa. Linganisha na lugha yetu. Mswahili hasemi «tatu» akaishia hapo. Anasema watatu, vitatu, mitatu, na namba yenyewe inabeba alama ya kinachohesabiwa. Ni kweli kwamba hapa Lubumbashi tunalegeza: tunasema «kitabu yangu», «kitu ile», na tunaelewana. Tunaelewana kwa sababu anayesikiliza ni mtu, anakisia, anauliza. Programu haikisii wala haiulizi. Inakubali. Ndiyo maana upatanisho ambao sokoni tunaweza kuusamehe, kwenye orodha ya sifa tunapaswa kuudai kwa ukali wa mwalimu wa zamani.

Mfano wa mwelekeo nao ni wa kila siku. Chukua ubao wa milimita 50 kwa 100. Ukiulaza bapa juu ya mtaro unapinda. Ukiusimamisha kwa ubavu, unapinda mara nne pungufu. Kila anayebeba mbao anajua. Katika modeli, ubao huo ni mstari, na kulala au kusimama kwake ni namba tatu za mwelekeo ndani ya sifa au ndani ya elementi. Picha ya mstari haionyeshi tofauti, mpaka mtu aiambie programu ichore mikato yote kwa ukubwa wake. Wangapi huiambia?

Mtu ataniambia kwamba nakuza mambo, kwamba kosa la kijana mmoja na jukwaa moja si msiba. Basi tutoke Kongo kidogo. Tarehe 23 Agosti 1991, katika Gandsfjorden karibu na Stavanger, Norway, msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la Sleipner A ulipasuka ukiwa unashushwa majini kwa majaribio, ukazama. Hakuna aliyekufa, lakini hasara yote ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700 za Marekani. Uchunguzi ulionyesha sababu mbili zilizoshikana: vyuma vilivyowekwa ndani ya zege mahali pa hatari havikutosha, na hesabu ya elementi, iliyofanywa kwa Nastran, ilikuwa imepunguza mkazo wa kukata kwenye kuta kwa asilimia 47. Hesabu iliyofanywa upya kwa uangalifu ilitabiri kupasuka kwenye kina cha mita 62; msingi ulikuwa umepasuka kwenye mita 65. Sitaki kudanganya: kosa la huko lilikuwa katika wavu, elementi chache mno na zenye umbo baya, si katika orodha ya sifa. Nalitaja kwa sababu somo lake ni lilelile. Programu ileile iliyojibu vibaya ilikuwa na uwezo wa kujibu vizuri. Iliulizwa vibaya, na jibu lake halikusomwa kwa shaka. Kuuliza na kusoma ni kazi za lugha.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wa kwanza atasema amri za programu ni za Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo Kiswahili hakina mahali. Sipendekezi tutafsiri amri. PSHELL ibaki PSHELL. Ninachotaka kiwe chetu ni majina tunayotoa, maelezo tunayoandika pembeni, na mazungumzo yanayotangulia kubofya. Wa pili atasema Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990; kazi imekwisha kuanza zamani, ni sisi tuliochelewa kuiendeleza upande huu. Wa tatu atauliza: Kiswahili kipi, cha Bora au cha mtaani? Nasema tuzungumze cha hapa, tuandike sanifu. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ripoti ya mhandisi wetu inaweza kusomwa Kigoma au Dodoma. Wa nne, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, atasema wahandisi wenyewe hawajatuita. Kweli. Lakini Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa na kuipa dola jukumu la kuziendeleza. Dola hiyo haiwezi kukaa kwenye benchi na kuandika istilahi. Tukisubiri kuitwa, tutasubiri.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, madogo kwa makusudi.

La kwanza, semina ya pamoja ya saa mbili kwa wiki, kwa muhula mmoja, kati ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kitivo chetu na wale wa politekniki wanaotumia programu hizi. Kazi yake iwe moja tu: kila mmoja wao aisome orodha yake ya sifa kwa sauti, kwa Kiswahili, katika sentensi kamili. «Sahani ya sakafu chini ya miguu ya tangi ni ya chuma cha S235, ina unene wa milimita 10, na imegawiwa elementi 100 kati ya 1200.» Mdogo wangu angetamka sentensi hiyo angefika kwenye neno «100», akatazama skrini, akaona 1200, na asingetoka nyumbani kwenda kuaibika. Sisi tutakuwa wasikilizaji wasiojua hesabu, na hiyo ndiyo faida yetu: tutauliza «za nini?», «kipimo gani?», «zipi?», maswali ambayo mjuzi huona aibu kuyauliza.

La pili, kanuni fupi ya majina. Jina la sifa liseme mahali, maada na ukubwa: SAKAFU_S235_06, MGUU_S235_10. Wengine hukataa kuweka ukubwa ndani ya jina, wakisema mtu akibadili namba na kusahau jina, jina litakuwa linadanganya. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuuweka. SAKAFU_S235_06 yenye 10 ndani yake inapiga kelele. «Sahani 1» yenye 10 ndani yake iko kimya. Majina kama «mpya», «mpya2» na «mwisho kabisa» yapigwe marufuku, kwa kuwa yanasimulia uchovu wa mwandishi na hayasemi lolote juu ya kitu. Na kabla ya kubadili sifa yoyote, mtu aulize programu ni elementi zipi zinaitumia. Kama ni nyingi kuliko anazotaka kugusa, anakili kwanza, aipe nakala jina lake, ndipo abadili. Mwishoni apake modeli rangi kwa unene, kisha alinganishe uzito wa programu na uzito aliopiga kwa mkono.

La tatu, kijitabu cha istilahi zisizozidi 60, kila moja ikiwa na fasili ya mstari mmoja, mfano mmoja wa sentensi, na neno la Kifaransa linalolingana. Kisichapishwe mpaka kimejaribiwa katika semina ile. Neno ambalo wanafunzi wa politekniki watakataa kulitamka baada ya wiki sita, tulifute bila huruma hata kama lina asili nzuri.

Mdogo wangu alirudi kwenye kikao kilichofuata. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikaa mezani kwa mama yake, yeye akisoma orodha yake, mimi nikiuliza maswali yangu ya kijinga. Katika swali la saba aligundua mhimili mmoja uliokuwa umelala badala ya kusimama. Hakufurahi, maana ilikuwa saa tano usiku, lakini aliurekebisha. Kesho yake alipoulizwa uzito wa sahani alijibu: kilo 597. Mjumbe akafunua kiambatisho, akasoma, akafunga.

Sikuelewa mlinganyo hata mmoja katika tasnifu ile, na bado sielewi. Niliuliza tu kila jina linasimamia nini. Ujuzi huo tunao watu wengi katika kitivo hiki, na wengine tunaulipia ada. Chumba cha kompyuta cha politekniki kiko mwendo mfupi kutoka kwenye ukumbi wetu. Anayetaka kuja nami muhula ujao aniambie.